Hela ya Mjerumani chini ya mti wa babu: mama, soma kabla hujaruhusu mtu achimbe

SEHEMU YA 1

Leo chanjo na kadi za kliniki tuziweke pembeni kidogo. Tuongee hela. Si hela ya kwenye simu, ni ile ya zamani, ya Mjerumani, ambayo karibu kila ukoo hapa Mara una babu aliyeizika chini ya mti, na hakuna anayejua ni mti gani.

Ukikaa nusu saa stendi ya Bweri ukisubiri gari la Bunda au la Butiama, hutakosa kumsikia mtu anayemjua mtu aliyeokota rupia akajenga nyumba. Yule aliyejenga mwenyewe humkuti. Siku hizi kuna na vijana wenye detekta, zile mashine ambazo wachimbaji wa dhahabu wamezizoea, wanabisha hodi saa nne asubuhi baba akiwa kazini: "Mama, hapa kwako kuna mali." Ndiyo maana nimeona niandike. Nitaanza mbali kidogo, mnivumilie, maana ukijua hela hizi zilitoka wapi na kwa nini zipo ardhini, hata huyo kijana utamsikiliza kwa sikio lingine.

SEHEMU YA 2: Kwanza neno lenyewe

Tunasema "sina hela" kila siku bila kujua tunaongea Kijerumani. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya utawala wao. Walipoanza hapa, mwaka 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba na rupia za fedha zenye sura ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Hawakubuni rupia wao. Rupia ya India ilikuwa imeshazoeleka Zanzibar na pwani nzima, kwa hiyo walitengeneza ya kwao yenye uzito uleule ili watu wasiikatae. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadilisha hesabu: rupia moja ikawa heller 100. Babu zetu wakaitamka hela, na mpaka leo ni hela.

Mfuko wetu wa maneno ya fedha umejaa wageni hivyohivyo. Pesa imetoka India. Fedha na thumuni ni Kiarabu, thumuni maana yake sehemu ya nane. Shilingi na senti kaleta Mwingereza. Na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, ndiyo inayosemwa kuwa imezaa daladala, kwa sababu nauli ilikuwa dala.

Kabla ya hapo watu wa huku ziwani hawakuwa maskini wa kutojua biashara, jamani, tusidanganyane. Mali ilikuwa ng'ombe, mbuzi, majembe ya chuma yaliyokuwa yakitembea ziwani kutoka Uzinza, shanga, na simbi za baharini. Kisha miaka ya 1890 sotoka ikaja ikafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Jaribuni kupiga picha: mali yote ya nyumba, mahari ya watoto wa kiume, maziwa ya watoto wadogo, imelala chini inanuka. Mkoloni na sarafu yake wakakuta watu wako katika hali hiyo.

SEHEMU YA 3: Kwa nini zilizikwa

Wengi wanadhani walizika Wajerumani. Wapo waliozika, sikatai, vita ni vita. Lakini hela nyingi za ardhini zimezikwa na watu wa kawaida, na sababu kubwa ni kodi.

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Kibanda cha kijijini kilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni wengi walilipa kwa mazao au kwa nguvu za mikono, ila kadiri miaka ilivyokwenda serikali ilitaka sarafu. Sasa wewe una mihogo, una mbuzi, una samaki wakavu. Rupia unaipata wapi? Unauza ngozi, unabeba mizigo ya msafara, unakwenda mashambani kwa Mzungu miezi kadhaa. Rupia ikishaingia nyumbani huitumii hovyo. Unaiweka mpaka siku ya akida kupita.

Unaiweka wapi? Benki hakuna, sanduku la kufuli hakuna, nyumba ni ya nyasi na inaweza kuungua. Unaitia kwenye chungu, unaichimbia. Mwenye chungu akifa ghafla, au akihamia upande wa pili wa mto, au akichukuliwa upagazi asirudi, chungu kinabaki. Hapo hamna jini wala laana. Ni akiba ya mtu, kwa lugha ya sasa ni kibubu.

Nikiwaza hizo rupia tatu huwa namwona mama zaidi ya baba. Mume akienda kutafuta kodi, nani alibaki analima na kuchota maji, mtoto mgongoni? Rupia ina sura ya mfalme, jasho la mwanamke halikuchorwa popote.

Mwaka 1908 zikaanza kutoka hela zenye tundu katikati, za heller 10, na baadaye za heller 5. Mwingereza naye alifanya hivyo upande wake, na senti zake za tundu bibi zetu wanazikumbuka. Tundu lilikuwa na akili yake: mtu asiye na mfuko wa suruali anazitunga kwenye kamba. Na kwa sababu zinatungika, zikahamia shingoni na kiunoni kwa watoto.

Hapa nitoe gauni la historia nivae la kazi dakika moja. Hela ya tundu shingoni mwa mtoto haimkingi na degedege. Degedege mara nyingi ni homa kali, na huku kwetu malaria ndiyo wa kwanza kushukiwa, kapime. Kamba shingoni inaweza kumnyonga akiwa amelala, na sarafu ikikatika inaishia mdomoni. Kama ni ya bibi na mnaipenda, itundikeni ukutani. Shikamoo bibi, lakini ukutani.

SEHEMU YA 4: Tabora, mwaka 1916

Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, Waingereza waliziba bahari na meli za kuleta sarafu kutoka Ujerumani zikakoma. Serikali ya kikoloni ina askari wa kulipa, wapagazi wa kulipa, chakula cha kununua, na sarafu zinazidi kupotea sokoni kwa sababu kila mwenye rupia ya fedha anaificha. Wakachapisha noti za dharura hapahapa nchini, nyingine kwenye karatasi duni kabisa. Watu walizikataa waziwazi. Ungekuwa wewe ungekubali? Askari anakuja kuchukua mbuzi wako anakupa kipande cha karatasi, na unasikia mizinga inakaribia.

Ndipo mwaka 1916, kwenye karakana ya reli Tabora, wakaanza kugonga sarafu wenyewe. Walitengeneza za heller 20 na za heller 5, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano iliyopatikana. Ukiiona moja utacheka: imekaa vibaya, maandishi yanayumba, kama chapati ya mtu anayejifunza. Za heller 20 zilitoka zaidi ya milioni moja.

Kisha wakatengeneza ya dhahabu. Rupia 15, upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida ya leo. Zilitengenezwa 16,198 tu, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha. Hiyo ndiyo sarafu ya nchi hii ambayo kweli wakusanyaji duniani huinunua kwa maelfu ya dola. Naitaja makusudi, kwa sababu kila tapeli anakopa umaarufu wa tembo huyu kuuzia vitu vingine.

Vita ilifika mpaka mkoani kwetu. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichojitenga na wenzake, chini ya Naumann, kilizunguka nchi miezi kadhaa na kupigana kwenye ngome ya Ikoma, Serengeti. Kwa hiyo ardhi ya Mara haina sarafu peke yake. Ina risasi pia. Hilo nitalirudia.

Baada ya vita akaja Mwingereza, na kuanzia 1921 tukaingia shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi mbili. Zilizokuwa mikononi zilibadilishwa, zilizokuwa ardhini zikakosa wa kuzibadilisha. Shilingi yetu wenyewe, yenye sura ya Mwalimu, ilikuja 1966: senti 5 ina samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura. Watoto wa miaka ile walijifunza wanyama kwenye sarafu kabla ya vitabu.

SEHEMU YA 5: Mashine iliyozaliwa kitandani kwa mgonjwa

Hii ni ya manesi kabisa. Mwezi Julai 1881 rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi mjini Washington. Risasi moja ikabaki mwilini na madaktari hawakujua iko wapi. Picha za eksirei zilikuwa bado hazijagunduliwa. Alexander Graham Bell, huyuhuyu wa simu, akatengeneza chombo cha kusikiliza chuma: koili ya waya inapitishwa juu ya mwili, na ikikaribia chuma sauti inabadilika. Ndiyo babu wa detekta ya leo.

Hakikumpata. Kitanda cha rais kilikuwa na springi za chuma, na daktari mkuu alimruhusu Bell kupima upande wa kulia tu, maana aliamini risasi iko huko. Ilikuwa kushoto. Garfield alikufa tarehe 19 Septemba 1881, na kilichommaliza ni maambukizi zaidi ya risasi yenyewe. Madaktari walikuwa wakiingiza vidole visivyooshwa kwenye kidonda, mmoja baada ya mwingine, wakati huo tayari wenzao Ulaya wakisafisha mikono na vifaa kwa dawa. Mkinisikia nikipiga kelele ya kunawa mikono kabla ya kumshika kitovu mtoto mchanga, mjue namkumbuka na Garfield.

Baadaye, kwenye Vita ya Pili, mhandisi wa Poland, Józef Kosacki, akatengeneza detekta ya kubeba mkononi ya kutafutia mabomu ya ardhini, ikatumika El Alamein mwaka 1942. Vita ilipoisha, mashine zikaangukia kwa raia wanaotafuta sarafu kujifurahisha.

Na ni starehe nzuri, msinielewe vibaya. Uingereza mtu anatembea shambani Jumapili na hedifoni zake, anaokota vifungo na senti. Mwaka 1992, kijiji cha Hoxne, mkulima alipoteza nyundo, akamwomba rafiki yake Eric Lawes aitafute kwa detekta. Lawes akakutana na sarafu za Kirumi za dhahabu na fedha, karibu 15,000. Alipoona ni nyingi aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Wataalamu wakaja wakatoa kila kitu kwa mpangilio, hata mabaki ya sanduku la mbao yakaonekana, na serikali ikalipa zawadi ya pauni milioni 1.75, akagawana na mwenye shamba. Nyundo nayo ilipatikana. Ipo British Museum.

Kwetu pia pamepatikana makubwa, ila kwa majembe ya wanahistoria. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi ndogo sana, na majina ya watawala wa hapahapa pwani tangu miaka karibu elfu moja iliyopita. Kama zingeokotwa na mtu wa kuuza kwa kilo, leo tusingejua kwamba pwani yetu ilikuwa na watawala wanaogonga fedha yao mapema kiasi hicho.

SEHEMU YA 6: Sasa turudi kwa kijana aliyebisha hodi

Detekta inalia ikikuta chuma. Basi. Haijui rupia na kizibo cha soda. Kiwanja chochote kilichokaliwa na watu miaka 50 kitalia: misumari, vipande vya bati, kijiko cha mtoto, jembe lililovunjika. Kwa hiyo akikwambia "mama, sikiliza, inalia", mwambie ungeshangaa kama ingenyamaza.

Kitakachofuata ndicho kinachobomoa nyumba. Mali ipo, ila inahitaji mtaalamu. Mtaalamu anahitaji nauli. Mali ina mlinzi, inataka mbuzi. Imehama kidogo, inataka dawa. Kuna mnunuzi Mzungu, yuko hotelini Mwanza, anataka kipimo, kipimo kina ada. Akiba ya ada ya shule, hela ya kujifungulia, ng'ombe wa maziwa, vyote vinaingia shimoni, na shimo linabaki la kuzalishia mbu. Kuna wanaotaja na rupia "yenye nguvu", ya kuzima tochi au kuvuta vitu. India wana utapeli wa namna hiyohiyo, chombo cha shaba kinachodaiwa kuvuta mchele.

Rupia ya kweli ya Mjerumani ina gramu 11.66, na karibu asilimia 92 yake ni fedha ya kawaida, ileile ya hereni. Thamani yake inaanzia kwenye hiyo fedha, na mkusanyaji ataongeza kama mwaka wake ni adimu na haijasuguliwa. Hela za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni na hazina fedha ndani. Hakuna sarafu yenye "zebaki nyekundu". Zebaki nyekundu ya mabilioni haipo duniani. Mwaka 2009 uvumi huo ulizuka Saudi Arabia, kwamba imo ndani ya cherehani kuukuu za Singer, watu wakazinunua kwa bei za ajabu. Wengi wetu tumekua na Singer nyumbani. Ina mafuta na uzi.

Zebaki iliyopo ni ile ya kijivu inayotembea, na huku kwenye dhahabu tunaijua. Mtu akikuletea "kipimo" chenye zebaki, au akataka kuichoma jikoni kwako asafishe alichopata, toka na watoto. Moshi wake hauna rangi ya kukutisha, lakini unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Japani walijifunza kwa uchungu huko Minamata, kulikotangazwa ugonjwa mwaka 1956. Zebaki ya kiwanda iliingia kwenye samaki, mama wakala, wakazaliwa watoto wenye ulemavu wa ubongo, na baadhi ya mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia kuhusu zebaki una jina la mji huo, na Tanzania imo.

Na lile la risasi nililoahidi. Mnakumbuka Ngara, Novemba 2017, Shule ya Msingi Kihinga? Bomu la mkono lilifika shuleni likiwa limeokotwa kama chuma chakavu, likalipuka, watoto watano wakafa na wengine wengi wakaumia. Mtoto anayetumwa kuokota skrepa hajui umbo la bomu. Mfundishe hivi: chuma usichokijua, chenye kutu, chenye umbo la chupa, nanasi au bomba lililofungwa, hukigusi, hukipigi jiwe, unaita mtu mzima. Mtu mzima naye hakigusi. Anawaita polisi.

SEHEMU YA 7: Mliyoniuliza inboksi

"Ni kosa kuchimba?" Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kutafuta vitu vya kale kunataka kibali cha serikali. Rupia za Mjerumani ni za baada ya hapo. Lakini magofu yaliyohifadhiwa na makaburi si shamba lako. Kuna mahali nchini watu wamefukua hata makaburi ya Wajerumani wakitafuta mali, wakakuta mifupa.

"Mtoto kameza senti, nifanyeje?" Kama anapumua na kulia vizuri, usimtapishe, na usimshindilie ugali wala ndizi ili "ishuke". Mpeleke hospitali apigwe picha. Ikishafika tumboni mara nyingi hutoka yenyewe. Anayetoa udenda, anayekataa kumeza, au anayelalamika kifua, imekwama, usisubiri kesho. Na kama huna uhakika kama ni sarafu au ile betri ndogo ya duara ya rimoti, chukulia ni betri na ukimbie. Betri inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, huku mtoto anacheza.

"Nina noti za zamani za marehemu mama." Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha matoleo ya 1985 hadi 2003, na shilingi 500 ya karatasi ya 2010, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Muda umepita. Zimebaki kumbukumbu.

"Bibi ana hela ya tundu, niisafishe?" Usiisafishe. Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote vinakwangua kile anachokitafuta mkusanyaji. Ifunge kwenye karatasi, uandike jina la bibi, aliipata kwa nani, na ilikuwa ya kazi gani, maana bibi akiondoka hiyo karatasi ndiyo itakayosema. Mkienda na watoto Butiama kwenye makumbusho ya Mwalimu, ibebeni muulize. Kisha iwekwe juu, si kwenye kopo la vifungo karibu na cherehani. Hilo kopo ndilo la kwanza mtoto wa mwaka mmoja na nusu kulifungua.